Mstari wa Kwanza wa Mzee Teófilo

Asubuhi ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa Mzee Teófilo Norales, Eusebia Guity aliunguza mikate. Tangu aanze kuoka mikate ya nazi akiwa msichana wa miaka kumi na sita, na sasa ana hamsini na tatu, hakuna mtu wa Punta Icaco aliyewahi kumwona akitoa mkate mweusi kwenye tanuri. Siku hiyo alitoa treya nzima, akaimwaga nyuma ya banda. Kuku waliidonoa mara mbili tatu wakaiacha.

Alikuwa amekuja mtu mmoja. Alifika mapema, gari lake jeupe lisilo na namba likinguruma barabarani, akanunua mikate yote ya treya ya kwanza. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomkata Eusebia maini. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama aliyekuja kuposa.

"Mama Eusebia, nasikia leo wewe ndiye utakayesoma maneno ya kumsifu marehemu."

"Machache tu."

"Vizuri. Yasome, halafu ukae." Aliinusa mikate akatabasamu. "Una mkono mzuri, mama. Itakuwa hasara kijiji kikikosa mkate."

Aliondoka bila kungoja chenji. Eusebia alibaki dirishani na noti mkononi hadi moshi wa treya ya pili ulipomfikia puani.

Tuseme ukweli: Eusebia ni mwoga, na hajawahi kujidai vingine. Anaogopa mbwa, anaogopa radi, anaogopa kupanda mtumbwi hata bahari ikiwa imelala. Mumewe alipokwenda kaskazini kutafuta kazi, yeye alikataa kumfuata, kwa sababu alisikia kuna mto wa kuvuka mpakani. Mume hakurudi, naye hakumlaumu sana. Mtu wa namna hiyo kuwa katibu wa kamati ya kijiji kwa miaka kumi na saba ni jambo ambalo wengi hawalielewi mpaka leo, na wa kuulizwa ni Mzee Teófilo, ambaye sasa yuko chini ya minazi ya makaburini.

Mzee alimpata kwenye msiba. Wagarifuna, watu wa kabila lake hapo Punta Icaco, wakifiwa huweka daftari mlangoni, na kila anayekuja kulia huandika jina lake. Daftari hilo halina mzaha. Jina lako likikosekana, wajukuu wa marehemu watakuja kukuuliza ulikuwa wapi, hata kama imepita miaka ishirini. Mama yake Eusebia alipofariki, Eusebia mwenyewe ndiye aliyekaa mlangoni kuwaandikia wasiojua kusoma, akimuuliza kila mmoja jina lake lote, pamoja na lile alilopewa na bibi yake. Mzee Teófilo alisimama nyuma yake muda mrefu.

"Binti," alimwambia, "unaandika jina la mtu kana kwamba likianguka litavunjika. Njoo kwenye kamati."

Alikataa. Mzee akaja kesho yake kununua mkate, na keshokutwa, wiki tatu mfululizo, akila dirishani na kubishana naye huku makombo yakimjaa ndevuni, hadi Eusebia akakubali ili apumzike. Tangu hapo akawa mwanafunzi. Alifundishwa sheria ya ardhi kifungu kwa kifungu. Alifundishwa kwamba ofisini mjini maji unakunywa lakini soda ya bure unakataa. Alifundishwa kuomba nakala, na wakisema mashine imeharibika, kukaa chini na kungoja ipone. Zaidi ya yote alifundishwa karatasi. Usitie saini chini ya nafasi tupu. Ukimaliza majina, piga mstari mnene chini yake, asije mtu akaongeza lake usiku. Na mstari wa kwanza ni wa mwenyekiti.

Hilo la mwisho lilikuwa desturi ya Mzee mwenyewe. Watu wote walianza kusaini mstari wa pili kwenda chini, yeye akiwa amekaa kimya mwisho wa meza, mikono yake chini ya ubao, akiwahesabu watu kwa macho. Majina yote yakishaingia ndipo alipovuta daftari na kujaza mstari wa kwanza. Saini yake ilikuwa mbaya mno. "Mzee, hapa kuku amepita," Eusebia alimtania kila mara, naye alicheka, "Kuku huyu ametoka mbali, mwache apite." Kijiji kizima kikazoea. Hata watoto wa shule wakiandika orodha ya timu ya mpira waliacha mstari wa juu wazi.

Aliyekuwa mwenyekiti kabla ya Mzee Teófilo alichukuliwa na watu wenye gari Jumapili moja mchana, watu wakitoka kanisani, na hadi leo hajulikani alipo. Kwa hiyo Mzee alipofia kwenye kitanda chake cha kamba, kwa ugonjwa wa sukari, mkewe akimpepea, majirani walisema kafa vizuri. Mkutano uliitishwa mara tatu kumtafuta wa kushika nafasi yake. Mara zote tatu, swali la nani lilipoulizwa, watu waligeuka wakatazama bahari kana kwamba kuna meli inayokuja. Eusebia naye alitazama bahari. Jambo hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Na waliokuwa wakiitaka ardhi ya kijiji walijua kwamba kiti kiko wazi. Walitaka ufuo wote wajenge hoteli, pamoja na mashamba ya muhogo yaliyo nyuma yake, na hati ya kijiji inasema haiuzwi hata shubiri bila mkutano wa watu na saini zao, ya mwenyekiti ikiwa juu.

Basi, kumbukumbu. Misa iliisha saa nne, na watu walipotoka walikuta uwanjani turubai kubwa, viti vya plastiki vipya, na jiwe la marumaru lenye jina la Mzee kwa herufi za dhahabu. Vyote vililetwa na Wakili Valladares kutoka mjini, mtu mwenye manukato na maneno matamu, aliyesema hayo ni mapenzi tu ya rafiki zake marehemu. Mzee Teófilo hakuwahi kuwa na rafiki mwenye turubai. Lakini wana Punta Icaco, Mungu awasamehe, wakiheshimiwa kidogo hulegea, na wakiheshimiwa sana hulala kabisa. Bi Marcelina, mjane, alilishika lile jiwe akalia, na wanawake wakalia naye. Kando ya wakili alikaa Santos, mtoto wa kaka yake Mzee, aliyekuwa amehama kijiji miaka sita na leo amerudi na viatu vipya.

Gari jeupe lilisimama kivulini. Yule mtu wa mkate aliegemea mlango, kofia mkononi.

Eusebia aliitwa kusoma. Alikuwa ameandika kurasa nne kwa wiki mbili, akifuta na kuandika upya: jinsi Mzee alivyomzuia waziri mlangoni, jinsi alivyotembea siku mbili kwa miguu na hati kifuani mvua ikinyesha, jinsi alivyosema ardhi ni mama na mama hauzwi. Alisimama akaliona gari. Akasoma ukurasa wa kwanza, ule wa tarehe ya kuzaliwa, ubatizo na ndoa, akasema Mungu amlaze pema, akakaa. Kurasa tatu zilibaki zimekunjwa kiganjani, zimelowa jasho. Watu walipiga makofi. Yule mtu kule kivulini aliinamisha kichwa kidogo, kama mwalimu aliyeridhika, na Eusebia aliona aibu.

Kisha wakili akatoa karatasi. "Ndugu zangu, nimesikia hapa mna desturi nzuri ya daftari la msiba. Leo tuandike majina yetu kwa heshima ya mzee wetu. Karatasi hii itawekwa kwenye fremu pamoja na jiwe."

Nani angekataa? Karatasi ilianza safu ya mbele, kalamu ikifuatana nayo. Watu walisaini kwa uangalifu, wengine wakifuta mikono kwanza kwenye nguo. Wazee wasiojua kuandika walipaka dole gumba wino. Eusebia, aliyekaa safu ya tatu karibu na mjane, aliitazama inavyokuja.

Ilipotua mapajani mwake ilikuwa na majina zaidi ya hamsini. Juu palikuwa peupe, nafasi ya kuandika mistari kumi ya chochote mtu atakacho. Chini ya ule weupe kulikuwa na namba moja, na mbele ya namba moja hakuna kitu. Watu wote, kwa heshima, kwa mazoea, kwa kumlilia Mzee wao, walikuwa wamemwachia mstari wake.

Aliinua macho. Santos alikuwa ametoa kalamu mfukoni na kuifungua. Alikuwa akiingoja karatasi irudi.

Ndipo alipoelewa kwa nini aliambiwa asome kisha akae. Mwenye kujaza mstari wa kwanza ndiye ofisi ya mjini itakayemwita mwenyekiti. Juu yake wataandika kwamba mkutano umekubali kuuza, na chini yake ni saini halali za watu halali, zilizotiwa mchana kweupe mbele ya padri. Angeichana? Daftari la msiba halichanwi, angekuwa ameyachana makaburi. Angeipitisha tu? Aliliwaza dirisha lake la mkate, na barabara ilivyo tupu alfajiri.

"Saini basi, mwanangu," alinong'ona Bi Marcelina. "Watu wanangoja."

"Kwani anasoma Biblia nzima?" alisema Bi Chola nyuma yao, mwanamke ambaye hata mazishini kwa mumewe aliuliza chakula kiko wapi. "Eusebia, pitisha, mchuzi wa samaki unapoa, na ndizi za kutwanga zikipoa ni mawe."

"Haina kichwa," alisema Eusebia.

"Nini haina kichwa?" aliuliza Bi Marcelina.

"Karatasi. Hapa juu hapajaandikwa kitu, mama. Mzee asingekubali."

Alimwambia mjane peke yake, kwa sauti ndogo, akitumaini kwamba kuna mtu mwingine atakayesikia na kufanya jambo. Bi Marcelina aliitazama karatasi. Hajui kusoma, lakini weupe anaujua. Akatoa kalamu kwenye vidole vya Eusebia vilivyokakamaa, akaigeuza, akairudisha.

"Basi mwandikie kichwa," alisema.

Eusebia aliandika. Herufi zilimpanda na kumshuka. Alikuwa hajafika mstari wa pili wakili alipokuwa ameshasimama mbele yake na manukato yake.

"Mama, sehemu hiyo acha. Itapigwa chapa mjini, ofisini."

"Ofisi gani?" aliuliza Bi Marcelina.

"Ni utaratibu tu, bibi."

"Kumlilia Teo kuna ofisi?" alisema Bi Chola. "Siku hizi mtaomba na kibali cha machozi." Watu wakacheka, na kicheko hicho kilimpa Eusebia muda wa kumaliza.

"Soma, basi," mtu alisema.

Alisoma. Sauti haikutoka. Wa nyuma wakasema hawasikii. Akajaribu tena, na safari hii ilitoka nyembamba, ya kukwaruza, lakini ilifika: "Sisi tulioandika majina yetu hapa tumekuja kumkumbuka Teófilo Norales tu. Hatukuja kwenye mkutano. Hatujauza ardhi, hatujakubali iuzwe."

Waliokwisha kusaini walianza kutazamana, na mzee mmoja aliyekuwa bado na wino kidoleni akaufuta kwenye suruali yake nyeupe bila kujua.

Wakili alicheka vizuri, kicheko cha mtu aliyelala vizuri. "Maneno mazuri sana, hatuna neno nayo. Umebaki mstari huo mmoja tu. Tusimwachie marehemu nafasi tupu, ni mkosi. Santos ni damu yake. Leteni amalizie."

Santos alinyoosha mkono. Na hapo Eusebia aliona kwamba maneno yote aliyoandika ni bure. Makasi yangeyakata juu, ungebaki mstari wa kwanza na majina. Aligeuka kuwatafuta watu. Walimu wawili, mvuvi mwenye mashua tatu, mkwe wa Mzee mwenyewe, wanaume wenye mabega. Wote walikuwa wakitazama bahari.

Mtu asidhani kwamba alipata ujasiri. Hakupata. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na kalamu ikawa inagonga karatasi yenyewe. Lakini karatasi ilikuwa mapajani mwake, majina hayo hamsini alikuwa anayajua yote pamoja na yale waliyopewa na bibi zao, na hakuweza kuyapitisha.

"Naandika langu hapa," alisema. "Mpaka mtakapochagua mwingine. Asiyetaka aseme sasa hivi, maana nikishaandika nimeandika."

Hakuna aliyesema. Kisha kiti kililia nyuma, Bi Chola akainua mkono wake mnene. "Mimi nataka. Andika tukale." Bi Marcelina akainua wake. Wanawake wa safu ile wakainua, kisha safu ya nyuma, na mwishowe wanaume nao wakatoa macho baharini wakainua, wengine nusunusu, viwiko vikiwa bado mapajani. Padri alihesabu kwa sauti bila kuombwa.

Eusebia alijaza mstari wa kwanza. Akashuka hadi jina la mwisho, akapiga mstari mnene chini yake.

"Mama," wakili alimwambia polepole, bila kucheka tena, "unajua umeandika nini hapo?"

"Jina langu."

Alinyoosha mkono aichukue karatasi, lakini Bi Marcelina alikuwa ameshaikunja mara nne na kuitia ndani ya blauzi, na hakuna mwanasheria aliyezaliwa wa kuifuata kule. Wakili akatazama kuelekea kivulini. Yule mtu wa mkate alimtazama Eusebia kwa muda, kisha akavaa kofia yake, akaingia garini. Liliondoka taratibu, bila haraka yoyote, na hilo ndilo lililomfanya Eusebia akae chini tena.

Chakula kililiwa. Eusebia hakuweza kumeza hata kijiko. Watu walimpita, wakamgusa bega, wakasema maneno mafupi, wengine wakaharakisha kwenda zao. Hakuwalaumu.

Jioni, jua likiwa halijazama, Bi Marcelina alibisha hodi mlangoni kwake. Alikuwa na mkeka kwapani na ile karatasi mkononi.

"Nimekuja kulala," alisema. "Kesho atakuja Chola, na anakoroma, nakuonya mapema. Tumepanga zamu."

Aliketi, akamtazama Eusebia anavyojaribu kumimina kahawa na kuimwaga mezani.

"Mkono bado?"

"Bado."

"Wa Teo ulikuwa unachukua nusu saa. Siku nyingine zaidi."

Eusebia aliweka birika chini. "Wa Teo ulikuwa unachukua nini?"

"Kutulia. Wewe ulidhani alikuwa anasaini wa mwisho kwa nini?"

"Kuhakikisha majina. Alikuwa anahesabu watu."

"Alikuwa anauomba mkono." Bi Marcelina alinywa kahawa iliyobaki kikombeni. "Alikuwa anauweka chini ya meza, anaukandamiza kwa goti. Ukigoma, alisaini hivyo hivyo. Akirudi nyumbani, suruali ukiikamua inatoa maji. Miaka yote ile. Nilimwambia aache, akasema akishapata mtu."

"Hakuniambia hata siku moja."

"Angekuambia, ungekubali?"

Eusebia alikwenda kwenye sanduku la unga alimokuwa akificha madaftari ya kamati, akayatoa, akafungua la zamani kuliko yote. Mstari wa kwanza, saini iliyopanda na kushuka na kurudi nyuma. Mwaka ule Mzee hakuwa na sukari, alikuwa bado anakwea minazi. Akafungua la pili, la tatu, la saba. Kuku alikuwa amepita kila mahali. Alikuwa ameyaangalia miaka kumi na saba na kuyacheka.

Aliikunjua karatasi ya leo akaiweka kando ya daftari. Jina lake lilikuwa limepinda vilevile, lilipanda na kushuka, na herufi ya mwisho ilitoka nje ya mstari. Akalia hapo, kilio kile ambacho mwaka mzima hakikutoka, na Bi Marcelina akamwacha amalize.

Gari lilipita nje. Lilipunguza mwendo dirishani, taa zake zikatembea ukutani juu ya vichwa vyao, na wanawake wawili walikaa bila kupumua hadi sauti yake ilipopotea upande wa daraja. Huenda lilikuwa lile, huenda lilikuwa la muuza samaki.

"Unaoka kesho?" Bi Marcelina aliuliza.

"Watu watakula nini nisipooka?"

Mjane akatandika mkeka wake mlangoni kabisa, ili mlango usifunguke bila kumgusa. Eusebia alirudi jikoni kupima unga wa asubuhi. Mikono yote miwili ilimtetemeka, unga ukamwagika pembeni mwa bakuli, naye akaiacha itetemeke, akaendelea kupima.